Test ya macho ku bazee: nzuri, lakini tusikimbie

Hii test ya macho yenye banapima nayo akili ya bazee iko hivi: unaikala mbele ya sikirini, unakazia macho pointi ya katikati, taa inawaka kuume, na weye unapaswa kuangalia kushoto. Macho inataka kukimbilia taa, kuizuia ni kazi ya ubongo wa mbele, na kamera ya infraruji inashika kila kuruka. Hata kijana anakosea mara moja moja, lakini anajirudisha mbio. Mwenye Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau wa bazee, anakosea zaidi, na mara mingi hajirudishe.

Mi naipenda juu ya sababu moja kubwa. Test ya karatasi ya kupima akili yenye bamezoea, ile banaita MMSE, ya 1975, inakuomba uandike sentensi na uchore pentagone (umbo ya pembe tano) mbili zenye zinaingiliana. Sasa mama mwenye anauzishaka samaki ndogo za sambaza ku soko ya Kadutu, Bukavu, hakusoma, lakini madeni ya batu yote iko mu kichwa yake, faranga na dola anabadilisha bila kuandika popote, utamupa biki achore pentagone? Atapata pointi za chini na batasema akili imeisha. Na huku Kivu ya Kusini tunajua yenye bamama bazee banafanyiwa, anasahau njia, anaongea peke yake usiku, majirani banasema ni mulozi, na bengine bameuawa juu ya hiyo. Kipimo chenye hakiombe masomo mi siwezi kukidharau hata kidogo.

Lakini jicho nayo inazeeka. Uzee wa kawaida tu unapunguza mbio ya macho na unaongeza makosa. Katarakti (mtoto wa jicho) inasumbua kamera, glokoma inakula pembeni ya kuona na muzee hajui kama iko nayo, diazepam, dawa ya kutuliza, inalegeza macho, Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka, nayo inayagusa. Kwa hiyo makosa ku sikirini inasema kuna kitu, haiseme ni kitu gani.

Mi naona isihukumu mutu siku moja. Faida njo kumupima leo, kisha mwaka ujao, unalinganisha yeye na yeye mwenyewe, na hiyo inaomba fishi yake ishikwe vizuri ku lopitali, kitu yenye kwetu iko nguvu kuliko kununua mashini. Kwanza dokta wa macho amuangalie, kisha familia iseme wazi mambo yenye alikuwa anaweza mwaka jana na leo hawezi tena: kuhesabu chenji, kutoa likelemba (mchango wa kupeana kwa zamu) kwa siku yake, kutoka kanisani na kufika nyumbani peke yake.