Kengele ya moto ikilia, mimi huambiwa nibaki nimekaa

Kengele ilipolia ofisi nzima iliinuka. Viti vikasukumwa nyuma, mmoja akarudi mbio kuchukua simu yake, wengine wakicheka maana walishajua ni zoezi. Nami nikageuza kiti changu cha magurudumu nielekee ngazini pamoja nao. Kiongozi wa zoezi akaniwekea mkono begani. "Wewe baki tu, usijisumbue. Ni zoezi."

Alisema kwa upole kabisa. Nikabaki ghorofa ya tano peke yangu, nikisikiliza hatua zao ngazini mpaka zikapotea. Kesho yake ripoti ikabandikwa ukutani: watu wote walitoka salama.

Watu wote! Sentensi ile iliniuma kuliko kuachwa kwenyewe, kwa sababu aliyeiandika hakudanganya makusudi. Hakunihesabu tu. Zoezi hufanywa ili kujua mpango unakwama wapi, na mahali unapokwama ni kwetu sisi tusioweza kushuka ngazi, tusiosikia king'ora, tusioona mshale wa kutokea. Ukituondoa sisi, umepima kile ambacho hakikuwa na shaka tangu mwanzo.

Nilipouliza moto wa kweli ukitokea nitashukaje, nikajibiwa haraka: "Tutakubeba." Nani atanibeba? Kiti changu ni cha umeme, chenyewe kinapita kilo 100, kwa hiyo hakiendi popote. Nikibebwa mikononi kwenye ngazi zilizojaa watu, moshi ukipanda, mbebaji akiteleza tutaanguka sote na kuwafungia njia walio nyuma. Tena kuna mwenye mifupa dhaifu, na kuna anayepumua kwa msaada wa mashine. Hao kuwabeba ovyo ni kuwaumiza.

Tarehe 11 Septemba 2001, John Abruzzo, mtu aliyepooza na anayetumia kiti cha magurudumu, alikuwa ghorofa ya 69 ya mnara wa kaskazini wa World Trade Center. Wenzake walimshusha kwa kiti maalumu cha kushukia ngazi, wakipokezana kwa takriban saa moja na nusu, na wakatoka kabla mnara haujaanguka. Kiti hicho kilikuwapo kwa sababu baada ya shambulio la bomu la 1993 kwenye jengo hilohilo kuna mtu alifikiria mapema. Katika mnara huohuo, ghorofa ya 27, Ed Beyea hakuweza kushuka. Rafiki yake Abe Zelmanowitz alikataa kumwacha, wakafa wote wawili. Urafiki ule nauheshimu mno, lakini naogopa jengo ambalo mpango wake kwangu ni kutarajia rafiki wa namna hiyo.

Na Grenfell Tower, jengo refu la makazi huko London lililoungua Juni 2017? Simu ya kwanza ya moto ilipigwa saa 6:54 usiku, lakini agizo la wakazi kubaki vyumbani lilifutwa saa 8:47. Anayeweza kukimbia anaweza kuamua mwenyewe kulipuuza agizo kama hilo. Asiyeweza anategemea kama kuna aliyempangia njia. Watu 72 walikufa. Kati ya wakazi 37 wenye ulemavu, 15 hawakutoka.

Jengo letu nalo lina kiti cha kushukia ngazi. Nilikikuta kwenye stoo ya usafi, nyuma ya ndoo na mafagio, kikiwa bado kwenye nailoni yake. Ufunguo alikuwa nao mlinzi wa zamu ya mchana peke yake. Tukakitoa tukakijaribu. Chini kina mikanda ya mpira inayoshika kingo za ngazi, na uzito wa aliyekaa ndio unaoongeza msuguano, kwa hiyo hata mtu mmoja aliyefundishwa anaweza kukiongoza taratibu. Ngazi hazikutusumbua hata kidogo. Kazi ilikuwa kunihamisha kutoka kiti changu. Mguu wangu wa kushoto usipofungwa kwanza hudondoka na kunasa kwenye ngazi, jambo ambalo hakuna mtaalamu angelibuni bila kuniuliza mimi. Ndiyo maana nasema mpango wa mtu uandikwe naye akiwepo, na uitaje hata miguu yake.

Wengine wanahitaji vitu vingine kabisa. Mwenzetu kiziwi akiwa chooni, king'ora hakimsaidii kitu. Anahitaji taa ya kuwaka na kuzimika mlemle chooni, na anapolala, kifaa cha kutetemesha kitanda. Asiyeona mara nyingi hushuka ngazi vizuri kuliko sisi sote, mradi maboksi hayajarundikwa njiani. Na aliyevunjika mguu wiki iliyopita haonekani kwenye orodha yoyote ya watu wenye ulemavu.

Kuna pia lile eneo la kusubiria karibu na ngazi, lenye milango inayozuia moto na simu ya kuita msaada. Silikatai. Ila jaribuni kuipiga hiyo simu. Siku niliyoipiga ililia mpaka ikakata. Kwa wanaochora majengo mapya, ziko lifti zinazolindwa dhidi ya moshi na moto zenye umeme wa akiba, na kanuni za ujenzi zinazotumika Marekani zimeziruhusu kutumika kuondolea watu tangu toleo la 2009. Kibao cha "usitumie lifti" hakilazimiki kuwa jibu la milele.

Mwezi huu kuna zoezi jingine. Nimeshawaandikia kwamba nitashuka. Wenzangu wawili wamejifunza kukiongoza kile kiti, na wengine wawili ni wa akiba, siku hao wakiwa likizo. Kiti kimetolewa stoo, kinaning'inia ukutani kando ya mlango wa ngazi, bila kufuli. Nimeomba jambo moja zaidi: ripoti iandike ni wangapi walishuka, ni wangapi walibaki, na walibaki ghorofa ya ngapi.