Bosi, Ilikuwa Mieleka

Najua wengi wenu mmeshaisikia kutoka kwa swahiba wangu, maana mdomo wake hauna komeo. Kwenye masimulizi yake eti nililia. Sikulia. Macho yalijaa maji, na hayo ni mambo mawili tofauti. Tena chanzo ni yeye, na hapo huwa anaparuka haraka sana.

Jumapili usiku tulikuwa tunabishana kwenye simu, ugomvi wetu wa siku zote: Roman Reigns, mwanamieleka wa Marekani, alibebwa mapema, yaani alipandishwa juu kabla hajaiva, au hakubebwa? Msimamo wangu mnaujua. Alibebwa, tena kwa mbeleko ya kudarizi. Swahiba akaniandikia: mbona Goldberg alianza kwenye kampuni ya mieleka ya WCW Septemba 1997, Julai 1998 akamvua Hogan mkanda wa ubingwa, na ukumbi mzima ukaruka kwa furaha? Mbona Brock Lesnar aliingia Machi 2002, Agosti akamlaza The Rock akiwa na miaka 25 tu? Hiyo mapema yako inaanzia wapi?

Hoja nzuri. Hoja nzuri ya mtu mwingine hunitoa usingizini. Nikaona kuandika hakutoshi, nikarekodi sauti, nikatiririka dakika nne na ushee. Nikatuma. Nikalala usingizi wa bingwa.

Wadau, kwenye simu yangu swahiba anakaa juu, na chini yake kabisa linakaa grupu la kazini. Kidole changu ni kinene. Nadhani mmeshafika.

Ila ngoja kwanza muelewe. Ijumaa iliyotangulia, bosi alitukusanya akamtangaza mpwa wake kuwa kiongozi wa timu yetu. Kijana ana miezi minne kazini. Bosi akamshika mkono, akauinua juu, nasi tukapiga makofi, yale makofi ya watu wenye ada za shule kichwani. Huo mkono ulioinuliwa msiusahau.

Jumatatu naingia kikaoni nimechelewa kidogo, simu ilizima usiku na sikuwa nimeigusa. Nikatoa shikamoo, ikaelea hewani haikupata pa kutua. Bosi ameunganisha simu yake na spika ya ukumbi. Akasema kwa upole, ule upole wa daktari wa meno, "Kuna mwenzetu ametutumia maoni. Tuyasikilize pamoja."

Sauti ikaanza: "Sikiliza nikwambie. Huyu kijana mimi simchukii. Mwili anao, sura anayo. Lakini hajaiva! Mpe kipaza sauti uone anavyobabaika. Yuko pale juu kwa sababu ya ukoo, hakuna kingine!"

Niamini, mwanzoni sikuitambua. Nikawaza, huyu jamaa anaongelea puani, halafu leo atafukuzwa. Nikatikisa kichwa kumsikitikia. Jirani yangu akavuta kiti chake pembeni, taratibu, kama mtu anayemkwepa mgonjwa. Ndipo sauti ikacheka. Kile kicheko nakijua. Ni cha ukoo wetu, marehemu babu alikuwa nacho.

"Kuna watu wamesota miaka! Kazi wanaijua, watu wanawapenda! Wakaondolewa mapema kama vile hawakuwepo!"

Hapo nilikuwa namzungumzia mwanamieleka Daniel Bryan, kwenye Royal Rumble ya 2015, lile pambano la watu thelathini la kutupana nje ya ulingo, aliyeingia wa kumi na akatolewa ukumbi bado haujachoka kumshangilia. Lakini dada wa uhasibu, ambaye cheo kimempita mara tatu, akafuta jicho na kunitazama kama mkombozi. Dada, samahani sana.

"Halafu ndugu yake, kwa vile yeye ana jina, anapanda, anamshika mkono, anauinua juu mbele za watu. Akidhani watampenda kijana kwa heshima yake. Thubutu!"

Bosi akasimamisha. Nikaona namba kwenye skrini: 2:41. Mpaka nazikwa nitaikumbuka.

Watu kumi na wanne, na hakuna aliyepumua. Feni tu.

Nikasema, "Bosi, naomba uendelee. Jina linakuja mbele."

"Jina la nani?"

"La huyo kijana."

"Jina lake tunalijua."

"Bosi, ilikuwa mieleka."

Jamani, mimi nilidhani sentensi hiyo itanifungulia mlango. Bosi akaegemea kiti, akakunja mikono, na mimi, mpumbavu, nikaona amenipa nafasi. Nikaanza kufundisha. Nikaeleza Royal Rumble hiyo hiyo, Philadelphia, Januari 2015, Reigns kashinda na ukumbi mzima unazomea, ndugu yake The Rock kaja kumwinua mkono na bado wanazomea. Nikaeleza kwamba The Rock mwenyewe yalimkuta. Aliingia Novemba 1996 akiitwa Rocky Maivia, kijana wa tabasamu, Februari 1997 akapewa mkanda, watu wakamchoka mara moja. Alipogeuzwa kutoka steringi kuwa adui, ndipo wakampenda.

"Kwa hiyo," bosi akasema, "unashauri mpwa wangu awe adui?"

"Ndiyo. Hapana! Yaani Roman naye walimgeuza adui mwaka 2020, akakaa na mkanda siku 1,316, kwa hiyo kuna matumaini."

Kuna matumaini. Mbele ya kijana mwenyewe. Nilisema hivyo kwa kinywa changu.

Na kijana, ambaye muda wote alikuwa anachezea kalamu, akainua uso. "Ila kaka, umekosea."

"Nimekosea wapi?"

"Royal Rumble ya 2014. Wamebaki Roman na Batista. Watu walikuwa wanamshangilia nani?"

Nikanyamaza. Alijua kwamba najua.

"Yeye," akaendelea. "Batista ndiye aliyezomewa. Kwa hiyo watu walishamtaka, wenyewe, bila kuombwa. Septemba akafanyiwa upasuaji wa ngiri, akarudi Desemba, Januari wakamkabidhi ushindi mkononi. Hakuwahishwa. Watu walikuwa wanampenda kwa hiari, wakaanza kuamriwa. Goldberg nani aliamriwa kumpenda?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na hoja ya kubabaika kwenye kipaza sauti, nilikuwa na ya Bryan, nilikuwa hata na moja ya akiba kuhusu mwanamieleka Rusev. Hakuna iliyotoka. Nimepigwa chini kwenye mada yangu, mbele ya ofisi nzima, na mtoto niliyetoka kusema hajaiva na hajui kuongea. Huku dada wa uhasibu akitikisa kichwa kukubaliana naye! Ukombozi wangu ulidumu dakika tano.

Bosi, ili haki itendeke, akamalizia kusikiliza. Jina la Roman likaja kwenye 3:02. Likafuatiwa, kwa bahati mbaya, na mimi kuiga ule mngurumo wake wa kabla ya kumkumba mtu: "Uuuuu-aaaa!" Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba niliuiga. Spika ya ukumbi ule ni nzuri mno. Mtu wa mapokezi alikuja kuchungulia.

Yaliyobaki mafupi. Niliomba radhi, nikasamehewa, nikafuta ujumbe wakati ulishafika kwa mke wangu kupitia watu wawili. Sikufukuzwa, kwa hiyo acheni kunitumia nafasi za kazi. Swahiba jana kaniuliza kuhusu mwanamieleka Jinder Mahal na ule mkanda wa 2017. Nina dakika nane za hoja zimenikaba kooni. Nimemjibu "tutaonana", tena baada ya kusoma jina lake pale juu mara tatu.

Leo asubuhi kiongozi wa timu kanitumia ripoti ya kuandaa hadi kesho. Chini kabisa, baada ya tarehe na saa, kaongeza neno moja peke yake, lile analopenda kuwaamuru watu Roman: Nitambue.

Nimekutambua, mkuu.