Ndoo Haikuwepo

Kwanza, sikubeba ndoo. Naanza na hilo kwa sababu tangu Jumapili shoga yangu anatembeza habari mtaa mzima wa Mkomani, hapa Lamu, kwamba bibi yake aliniita nami nikamwendea na ndoo ya maji. Leo asubuhi nimefungua duka la dawa, mteja wa kwanza, mtu mzima na kofia yake ya vito, kanunua dawa ya kichwa, kalipa, kafika mlangoni kageuka: "Na ndoo je, hamuuzi?"

Basi nasimulia mwenyewe. Mkitaka kunicheka mnicheke kwa habari ya kweli, ambayo, ole wangu, ni mbaya kuliko hiyo ya ndoo.

Mnaonifuata tangu Januari mnaikumbuka ile picha. Vitabu vimepangwa kitandani, mimi pembeni nimejitanda leso mpya, na maneno makubwa chini yake: vitabu 24 mwaka huu, viwili kila mwezi, inshallah. Mkanipongeza weee. Kuna aliyeniita profesa. (Wewe uliyeniita profesa, nakujua, na leo usiseme kitu.) Tulikuwa wanawake watano tulioahidiana hivyo, tukakubaliana kwamba mwisho wa Juni tukutane, kila mmoja na orodha yake.

Sasa nusu ya 24 hata mtoto wa chekechea anaijua. Vyangu vilikuwa vinne. Riwaya mbili, diwani moja, na kitabu cha mapishi, na hicho cha mapishi nakihesabu kwa ubishi tu. Ramadhani nilisema nitasoma baada ya tarawehe, lakini baada ya tarawehe kuna mkate wa sinia. Baada ya Idi zikaingia harusi. Halafu kusi likaanza. Ukiketi darini na kitabu uko ukurasa wa 12, upepo unakufungulia wa 80. Kuna siku niliendelea na huo wa 80. Wallahi sikuona tofauti.

Nilikuwa najifariji kila nikienda kuazima vitabu maktaba ya Ngomeni. Nautazama ule ukuta nasema: hii ngome ilianzwa 1813 ikamalizika 1821. Miaka minane! Na wale walikuwa mafundi wengi, mimi niko peke yangu na duka la dawa juu.

Lakini ukuta hauulizi maswali. Shoga zangu wanauliza. Kwa hiyo usiku wa Jumamosi nikaketi nikaiandika orodha yangu ikatimia 12. Vya kweli vinne. Viwili vya sekondari, nilivyovifanyia mtihani nikavisahau mlangoni. Kijitabu cha huduma ya kwanza kinachokaa chini ya meza pale kazini. Vingine msiniulize. Na cha nane, ambacho ndicho kilichoniua: Utendi wa Mwana Kupona.

Niliuchagua kwa sababu ni mwembamba. Nilikuwa nimesoma kurasa mbili za utangulizi. Nikajua kwamba ulitungwa 1858, kwamba mume wa mtunzi, Mwana Kupona, alikuwa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, na kwamba huyo Bwana Mataka alisumbuana sana na Sayyid Said wa Unguja. Nikaona, aa, yatosha, hii ni habari ya vita. Nikakifunga kitabu nikalala.

Na mjue pia kwamba mimi ni mtu wa Malindi. Lamu nina miaka miwili, na hamu yangu kubwa duniani ni mtu wa hapa aniite mwenyeji.

Jumapili baada ya alasiri tuko kwa shoga yangu, ukumbini, juu ya mkeka. Viazi karai, mahamri, juisi ya ukwaju. Bibi yake, mwenye miaka 80 na kitu, yuko pembeni kwenye kitanda cha kamba anatunga asumini, sindano inaingia inatoka, hata hatutazami. Mwenzetu wa kwanza akasema amesoma vitabu sita, kashindwa kuendelea, mtoto aliugua. Hakuna aliyemcheka. Hapo, ndugu zanguni, mlango ulikuwa wazi. Mimi nikaupita.

"Kumi na viwili," nikasema.

Vigelegele. Shoga yangu akaniambia, "Weye ni moto! Haya tusimulie kimoja." Nikaitazama orodha. Nikaona huo utendi hakuna mwingine aliyeuandika kwenye yake. Salama! Sikujiuliza kwa nini hakuna. Watoto wa kike wa Lamu, wameukuta nyumbani kabla ya kuota meno, wauandike kwenye orodha kwani wao wamechanganyikiwa? Ni kama mtu aandike kwamba mwaka huu amejifunza jina la mamake.

Nikaanza. 1858, nikasema. Siyu. Bwana Mataka. Majahazi ya Sayyid Said yanakuja, mizinga inalia. Nilipoona wamenyamaza nikadhani wamekolea, nikatia chumvi. Mpaka nakunywa funda la ukwaju, Mwana Kupona nimempandisha ukutani na upanga mkononi anawahimiza askari. "Na mwisho wake," nikasema, sauti nimeishusha, "unasikitisha. Mimi nililia."

Sindano ya bibi ikasimama.

"Ulilia, mwanangu?"

"Nililia, bibi."

"Umeusoma wote?"

"Wote, bibi. Mpaka kaditamati."

"Mashallah," akasema. Akaiweka asumini kwenye sinia, taratibu, akajifuta vidole. Kisha akanitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie.

Hapa nakwenda polepole, kwa sababu mimi mwenyewe kila usiku nikifumba macho narudi hapa hapa. Utendi huimbwa, kila mtu anajua. Una mahadhi yake. Kama bibi angeimba, hata mimi ningeshtuka. Hakuimba. Alisema tu, kwa sauti ya mtu mzima aliyechoka, huku amenyoosha mkono:

"Negema wangu binti."

Nikaona ananiita. Binti! Miaka miwili nangoja neno hilo. Nikasogea kwenye mkeka.

"Mchachefu wa sanati."

Hilo sikulielewa. Nilikuwa nimevaa dera jipya, nikadhani analisifu. Nikasema, "Ahsante, bibi."

"Upulike wasiati, asa ukazingatia."

Kupulika nakujua! Ni kusikiliza. Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha Kiamu changu. "Napulika, bibi," nikajibu, kifua mbele.

Bibi akavuta pumzi. "Maradhi yamenshika, hata yametimu mwaka."

Jamani. Mtu wa duka la dawa akisikia neno maradhi hasikii tena kingine. "Mwaka mzima, bibi?" nikaruka. "Na hukwenda kupimwa? Ni presha au ni sukari?"

Nyuma yangu mtu akakohoa. Nikageuka, nikamwona shoga yangu amejifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika. Maskini, nikasema moyoni, ndiyo kwanza anasikia kwamba bibi yake anaumwa. Nikampapasa mgongo. Mimi, kwa mkono wangu huu, nilimpapasa mgongo nikamwambia, "Vumilia, yatapona tu."

Akazidi kutikisika.

"Sikupata kutamka," bibi akaendelea, "neno lema kukwambia."

"Sasa si umetamka, bibi. Usifiche tena."

Akaniangalia. Uso wake haukuwa na hata chembe ya mzaha, naapa, kama kadhi. Akasema:

"Ndoo mbee ujilisi, na wino na qaratasi."

Ndiyo, kwa muda wa kupepesa jicho niliitazama ndoo. Ilikuwa kando ya mlango wa choo, ya buluu. Sikio la Malindi likisikia ndoo linafikiri ndoo. Habari ya shoga yangu imetoka hapo, kwenye jicho langu. Lakini nikajirudi mara moja, maana kwa Kiamu ndoo ni njoo, na mbee ni mbele, hayo nayajua, na nikajipongeza kimoyomoyo kwamba mgeni mwingine angekwenda kuibeba kweli. Mimi nikaelewa vizuri kabisa: bibi anataka nisogee, niketi, nimwandikie dawa.

Nikasogea. Nikaketi miguuni pake. Kalamu nikaitoa mkobani. Karatasi sikuwa nayo nyingine isipokuwa ile ya vitabu 12, nikaigeuza nyuma nikaandika: "Bibi. Maradhi. Mwaka 1." Nikainua uso.

"Haya, bibi. Nieleze. Yalianza lini?"

Bibi akainama mpaka nikanusa asumini. "Yalianza ule mwaka uloutaya, mwanangu," akasema. "Elfu moja mia nane hamsini na nane."

Kulikuwa na kimya kidogo. Nilitumia kimya hicho kuandika "1858."

Kisha ukumbi mzima ukapasuka. Mmoja ukwaju ulimtoka puani. Shoga yangu aliyekuwa "analia" alikuwa amelala chali kwenye mkeka anapigapiga sakafu. Na mimi bado nimeshika kalamu, naitazama hiyo 1858 kwa mwandiko wangu mwenyewe, na polepole, kama maji yanavyojaa, nikaelewa kwamba mgonjwa ni Mwana Kupona.

Ukurasa wa tatu wa utangulizi, niliousoma baadaye, usiku wa Jumapili hiyo, nikiwa nimejifungia chooni, ndio unaosema aliutunga akiwa mgonjwa, kumuusia bintiye, Mwana Hashima. Ukurasa wa tatu! Vita havimo. Upanga haumo.

Yaliyobaki ni mafupi. Bibi aliichukua ile karatasi, akasema, "Hati hizi zenu siziyui vyema," akampa mjukuu wake asome pande zote mbili kwa sauti. Kufika kijitabu cha huduma ya kwanza nilikuwa nishavaa buibui. Nikapita ndia za nyuma mpaka nyumbani, punda wakinipisha. Hesabu yangu rasmi, andikeni, ni vitabu vinne, na nusu ya mwaka imebaki, na mwenye kitabu chembamba asinitajie.

Jana usiku shoga yangu kanipigia simu. Nilikuwa nimekusudia nisipokee, nikapokea. Kasema, "Bibi anakuita Alhamisi baada ya alasiri. Kasema uje na wino na karatasi."

"Kasema," nikamuuliza, "au kaghani?"

Akacheka mpaka simu ikakatika.

Nimenunua daftari. Na kipimo cha presha nimekitia mkobani vilevile, maana yule ni mtu wa miaka 80 na kitu, huwezi kujua.