Tahiyatu ya Kyoto

Kyoto, kule Japani, nilikwenda kusoma. Mambo ya vyombo vya chai yaliletwa na mama mmoja jirani yetu, mtu mwema sana, aliyenialika kwenye hafla yao ya kunywa chai kwa taratibu za Kijapani. Mtoto wa Tanga ataikataaje chai?

Mlangoni nikaambiwa nivue saa na pete, visije vikakwaruza vyombo. Ndani kimya, watu wamejipanga juu ya tatami, mikeka yao ya sakafuni. Mzee wa pembeni yangu akaninong'oneza: hili bakuli ni la Raku, ufinyanzi wa Kijapani wa vyombo vya chai. Ukoo wa kazi hii unaanzia kwa fundi Chojiro, karne ya 16, aliyekuwa akimfinyangia Sen no Rikyu, bingwa wa chai aliyefariki 1591. Halizungushwi kwenye gurudumu, ni mikono tu, na la aina nyeusi huchomolewa tanuruni kwa koleo lingali jekundu kwa moto.

Nikalitazama. Limepinda, mdomo una mabonde. Bibi yangu angeliwekea kuku maji. Bei sikuuliza, jinsi mzee alivyoshusha sauti ilitosha.

Tena kukaa ni kwa magoti, makalio juu ya visigino. Nikajiona nimefika nyumbani, maana msikitini ndivyo tunavyokaa kwenye tahiyatu, kikao cha swala. Kumbe tahiyatu ina salamu, unatoa unainuka! Hii ya Kyoto haina salamu.

Zamu yangu ikafika. Nikaligeuza bakuli ili nisinywee upande wake wa mbele, nikanywa chai ya kijani isiyojua sukari wala tangawizi, na funda la mwisho nikalivuta kwa sauti, kama adabu yao inavyotaka. Hapo nilijitahidi kupita kiasi. Nadhani na majirani walisikia.

Kisha nikaashiriwa nilirudishe kwa mwenyeji. Nikainuka. Miguu haikuinuka.

Nikaenda chini mzima mzima, kifudifudi. Bakuli likanitoka, likabiringika juu ya tatami taratibu, kana kwamba linajua linakokwenda, likasimama mbele ya magoti ya ajuza mmoja mwishoni mwa safu.

Hakuna aliyepiga kelele. Ajuza akaliinamia kwa heshima, kama vile ndiyo zamu ya wageni kulikagua, akaweka viwiko juu ya mapaja, akalinyanyua kidogo tu kutoka mkekani, akaligeuza na kuchungulia kitako. "Hooo," akasema, akampisha wa pili yake. Naye akachungulia. "Hooo."

Mimi bado nimelala palepale, miguu inanichoma sindano. Mwenyeji akanisogezea kitamutamu kimoja, akakiweka usawa wa pua yangu.