Mita 15 za Alama Nyeusi

Alfajiri moja shemeji yangu alisimama kwenye zebra, Barabara ya Mandela, kupisha wanafunzi. Pikapu ikamvaa kwa nyuma. Dereva wake akamwapia trafiki kwamba alikuwa kwenye hamsini tu. Waliokuwa wakingoja daladala walishindwa kukubaliana: huyu anasema jamaa alikuwa anakimbia mno, yule anasema mwendo wa kawaida.

Nilipofika, magari yalikuwa bado yameng'ang'aniana. Nikavuta futi kamba. Alama za breki za pikapu zilikuwa na mita 15 mpaka pale vioo vilipomwagika, yaani pale yalipogongana, na kutoka hapo magari yote mawili yaliburuzika mita 9, tairi zimekaba, maana shemeji naye alikuwa amekanyaga breki.

Hesabu ya kasi ya pikapu huanzia mwisho na kurudi nyuma. Kwenye lami kavu, msuguano wa tairi iliyokaba ni kama 0.7 ya uzito wa gari. Zidisha 2 kwa 0.7, kwa 9.8 ya mvutano wa dunia, kwa mita 9, kisha tafuta kipeuo cha pili: mita 11.1 kwa sekunde, kasi ya magari yote mawili mara tu baada ya kugongana. Uzito wa gari haumo kabisa kwenye hesabu hiyo. Unaingia kwenye mgongano wenyewe, kwa sababu momenta, yaani tungamo mara kasi, haipotei magari yanapogongana. Pikapu na mzigo wake ilikuwa kama kilo 1,800, gari la shemeji 1,200 na limesimama. Kwa hiyo kilo 3,000 zilizoondoka na mwendo wa 11.1 zilisukumwa na kilo 1,800 zilizokuja na 18.5. Rudisha na kasi iliyoliwa na zile mita 15 za mwanzo, unapata mita 23.4 kwa sekunde. Hiyo ni kilomita 84 kwa saa.

Nikajaribu kumtetea dereva wa pikapu. Tuseme lami ilikuwa imelowa, msuguano ukashuka hadi 0.4. Bado inatoka 64, juu ya hamsini yake.

Ndiyo maana inaniuma kuona ajali za mjini kwetu zikiamuliwa kwa nani kaongea kwa sauti zaidi. Naelewa foleni, naelewa malori ya bandarini yanasubiri nyuma. Lakini kupiga chaki kwenye kila tairi, kupiga picha na kuvuta futi kamba ni kazi ya dakika tano. Mchoro wa ajali usiokuwa na urefu wa alama za breki wala hali ya lami haumsaidii hakimu. Na magari yenye ABS, yaani breki zinazozuia tairi kukaba, huacha alama hafifu sana, kwa hiyo kadiri yanavyoongezeka ndivyo uharaka wa kupima unavyozidi.

Saa nne asubuhi nilipita tena pale. Alama nyeusi zilikuwepo, ila vioo vilishafagiliwa. Asiyeviona vile vioo anaona mita 24 tu, na hawezi kujua 15 zimeishia wapi na 9 zimeanzia wapi.