King'ora cha Haifa, mkebe wa baba

Kila mwaka, Aprili au Mei, king'ora hulia hapa Haifa, Israeli, saa mbili usiku. Dakika moja. Mzee ninayemtunza, namwita Saba, yaani babu kwa lugha yao, hushika chuma chake cha kutembelea akasimama wima huku miguu ikitetemeka. Nikimshika kiwiko hunisukuma. Kesho yake hulia tena saa tano asubuhi, dakika mbili. Magari husimama katikati ya barabara, madereva wakatoka nje. Ni siku ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa. Giza likiingia tu, msiba hugeuka sherehe: muziki, bendera madirishani, na asubuhi moshi wa nyama choma. Uhuru wa 1948.

Saba ni Myahudi, alizaliwa Romania. Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, kwao alibaki yeye na dada yake. Kwake hakuna la kujadili: hatukuwa na pa kwenda, tukaja kwetu.

Teremka ngazi hadi Wadi Nisnas, mtaa wa Waarabu ninakonunua kahawa ya iliki. Muuza kahawa naye huanza kuhesabu 1948, ila kwake ni Nakba, yaani maafa. Wapalestina kama 700,000 walikimbia au wakafukuzwa, kisha sheria ya 1950 ikazifanya nyumba zao mali ya watu wasiokuwepo. "Babu yangu alikuwepo," aliniambia akipima kahawa, sauti chini. "Alikuwa mitaa miwili tu kutoka mlangoni kwake." Tangu shambulio la Hamas la Oktoba 7, 2023, akimwona mteja mwingine dukani hasemi kitu.

Sioni mwongo kati yao. Ila Saba hajawahi kuuliza nyumba kuukuu za mawe pale chini zilikuwa za nani, na muuza kahawa hajauliza yule mtoto wa Romania angekwenda wapi.

Hata barabara zinabishana. Ile inayopita kwenye bustani za dini ya Wabahai iliitwa kwa jina la Umoja wa Mataifa, shukrani kwa kura ya 1947 ya kuigawa nchi. Mwaka 1975 Umoja huo huo ukapitisha kwamba Uzayuni, yaani harakati ya Wayahudi kuwa na nchi yao, ni ubaguzi wa rangi. Haifa wakang'oa vibao: sasa ni Barabara ya Uzayuni.

Mimi ni mtu wa Eldoret, Kenya, na hapo ndipo kichwa hunizunguka. Mwaka 1903 Waingereza walijitolea kuwapa Wazayuni Uasin Gishu yetu, mpango ulioitwa wa Uganda. Wakatumwa watu kuikagua. 1905 mkutano wao ukaikataa. Wakaja Makaburu badala yao. Wafugaji wenye malisho hakuna aliyewauliza, mara zote mbili.

Baada ya uhuru, baba, Mkikuyu, alinunua hisa kwenye kampuni ya mashamba akapata ekari zake. Hatimiliki anaiweka kwenye mkebe wa biskuti. Jirani yetu Mkalenjin husema karatasi si ardhi, aliyekuuzia aliiba. Baba husema mimi nililipa. Wote wawili wasema kweli! Januari 2008, kwenye machafuko ya baada ya uchaguzi, tulilala uwanja wa maonyesho Eldoret, mama kalalia ule mkebe kama mto. Nchi nzima walikufa zaidi ya 1,100.

Kisha tukaambiwa tusahau, tusonge mbele. Kwetu hakuna king'ora. Kila nyumba inasimulia yake usiku, kwa kilugha.

Hapa kukumbuka kunachosha, na kunaudhi kwa sababu king'ora ni cha upande mmoja: tangu 2011, taasisi inayopata fedha za serikali ikiiadhimisha siku ya uhuru kama msiba, sheria inaruhusu ikatwe fedha hizo. Hilo ni kuwaziba watu midomo, silitetei. Lakini nitamnyooshea Saba kidole vipi, wakati sisi midomo tumejiziba wenyewe?

Mwezi jana nilimpigia baba. Nikamwuliza kama yeye na jirani wamewahi kuzungumzia ile Januari. Akasema wanazungumza kila siku: mahindi, bei ya mbolea. Nikauliza tena.

Akasema nikate simu, nitamaliza pesa.