Fundi anayekurudishia faili hakukomoi

Katika karakana za wanafunzi kuna ugomvi usiokwisha. Mwanafunzi anapeleka faili la mchoro wake likakatwe kwenye mashine ya CNC, yaani inayokata ubao kwa kuongozwa na kompyuta. Fundi analifungua, analikagua dakika mbili, analirudisha. Mistari haijafunga, pembe za ndani hazikatiki, unene wa ubao haukupimwa. Mwanafunzi anaona kaonewa. Kasoro ya dakika tano, kwa nini fundi mwenye uzoefu asiirekebishe, kazi ikaendelea?

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Anayesomea usanifu wa majengo hakuja kujifunza kuendesha mashine. Siku za mwisho kabla ya kukabidhi kazi foleni huwa ndefu, na faili likirudi mara mbili zamu imekwenda. Tena wapo mafundi wanaorudisha faili kwa neno moja tu, "halifai", bila kuonyesha ni wapi. Hilo sitalitetea.

Kinachonisumbua ni dhana kwamba kurekebisha faili ni kazi ya kusafisha tu. Chukua pembe ya ndani. Umechora tundu la mstatili la kupokea ulimi wa rafu, yaani kipande chake kinachochomoza, na pembe nne za tundu zimechongoka. Biti, yaani kisu cha mashine, lakini ni ya mviringo, na inakata kwa kuzunguka. Ikiwa na kipenyo cha milimita 6, kila pembe itabaki na mviringo ambao nusu kipenyo chake ni milimita 3, na kati ya mviringo huo na ncha uliyoichora patabaki kama milimita 1.2 za mbao. Kwenye skrini huzioni. Kwenye meza ya kuunganishia, ulimi wenye kona kali unagota hapohapo, na ukiulazimisha kwa nyundo plaiwudi inaachana tabaka.

Fundi anaweza kurekebisha, ndiyo. Kwa njia ipi? Anaweza kuongeza kitundu kwenye kila pembe kwa mshazari, nacho kitaonekana rafu ikishasimama. Anaweza kukisogeza ubavuni ili bega la ulimi likifunike kwa upande wa ndani. Anaweza kuliacha tundu lilivyo, wewe ukaviringishe kona za ulimi kwa tupa, au ukazichonge pembe kwa patasi. Hizo ni njia nne, na kila moja inatoa kabati lenye sura yake. Akichagua yeye kimyakimya ili foleni isonge, amebuni kwa niaba yako, na siku ya kuitetea kazi utaulizwa kuhusu uamuzi usioujua.

Unene nao ni hivyohivyo. Ubao unaoitwa wa milimita 18 ukiupima kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, unaweza kukuta 17.5, na mwenzake wa rundo lilelile ukatofautiana nao kidogo. Tundu la 18 juu ya ubao huo linacheza. Lipunguzwe kiasi gani? Inategemea kama unataka kiungo kinachobanwa kwa nyundo au kinachoingia na kutoka kwa mkono, na anayejua hilo ni mwenye kazi.

Yapo makosa yasiyo na uamuzi wowote ndani yake: mstari uliochorwa mara mbili, au faili la milimita lililosomwa kwa inchi likakua mara 25.4. Hayo fundi akiyafuta hajamnyang'anya mtu kitu. Ila hata hapo angemwambia mwenye faili. Pengo la sehemu ya mia ya milimita kwenye mstari halionekani kwa macho, lakini programu haijui tena ndani ni wapi na nje ni wapi. Biti ikiachwa ipite juu ya mstari badala ya nje yake, inakula milimita 3 kila upande, na rafu ya 300 inatoka 294. Aliyezibiwa pengo bila kuambiwa ataleta pengo jingine wiki ijayo, na pengine siku hiyo atakuta fundi mwingine asiyeliona.

Kwa hiyo nasimama na anayerudisha, kwa sharti kwamba arudishe vizuri. Atume picha ya mchoro yenye duara jekundu mahali penye tatizo, pamoja na swali: "Pembe hii unaitaka iweje?" Ukaguzi ufanyike siku mbili kabla ya zamu, si mwanafunzi akiwa ameshabeba ubao mabegani. Na kabla ya ubao mzima kuguswa, kikatwe kipande cha ukubwa wa kiganja kutoka kwenye ubao uleule, chenye tundu moja na ulimi mmoja. Mashine inakimaliza kwa dakika chache. Mwanafunzi ausukume ulimi kwa kidole gumba, asikie unagotea wapi, kisha arudi kwenye mchoro wake kupabadilisha mahali hapo yeye mwenyewe.